Mama Tone na Unga wa Kijani: Miaka Thelathini na Minne ya Kuingoja Rangi

Leo, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu mwandamizi wa maabara yetu ya polima atavua koti lake jeupe, ambalo kwa kweli halijawa jeupe tangu mwaka wake wa pili kazini, atalitundika nyuma ya mlango na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, akiwa amepitia wakuu wa maabara wanne, mashine za barafu sita na kikorogeo kimoja cha sumaku ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Jina lake kamili lipo kwenye jalada lake ofisi ya utumishi. Sisi wengine, kuanzia Mkuu hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Tone.

Wenye macho makali watakuwa wameshaona kwamba kwenye ratiba ya sherehe yake hakuna Cheti cha Utumishi Uliotukuka, ilhali wastaafu wawili wa idara za jirani watakabidhiwa vyao. Mchapaji hajakosea. Mama Tone alikuwa kwenye orodha ya cheti hicho, kisha akatoka, na jinsi alivyotoka ndiyo sababu niliomba kuandika wasifu huu mwenyewe badala ya kuwaachia watu wa taarifa. Nitafika huko. Nianze na kazi yenyewe, maana nimegundua kuwa nusu ya wafanyakazi wenzetu hawajui tunafanya nini mle ndani, na nusu nyingine wanadhani tunachanganya rangi za nyumba.

Tunatengeneza plastiki inayopitisha umeme. Plastiki mliyoizoea, ile ya ndoo na ya kufunikia nyaya, kazi yake ni kuuzuia umeme usikuguse. Ya kwetu huufungulia njia. Ni unga wa kijani kilichokolea, unaotokana na kimiminika kiitwacho anilini, ambacho huyeyushwa katika asidi kisha hutiwa dawa ya kuziunganisha molekuli zake ziwe minyororo mirefu. Unga huo ukipakwa kwenye kikaratasi na kuwekwa karibu na nyama iliyoanza kuharibika, umeme unaopita ndani yake hupungua. Tunatafuta kikaratasi cha bei nafuu kitakachomuumbua mwenye bucha anayeapa kuwa nyama ni ya leo.

Tatizo ni kwamba unga huu una visirani. Watu wawili wanaweza kuchukua vitu vilevile, kwa uzito uleule, kwenye chupa zilezile, mmoja akatoka na unga wa kupendeza na mwingine akatoka na tope la kahawia lisilofaa hata kuzibia tundu la panya. Tofauti iko kwenye mapishi: baridi ilikuwa kiasi gani, dawa iliingia kwa kasi gani, unga ulioshwa kwa nini, ukakaushwa kwenye joto gani na kwa muda gani. Mabingwa wameandika vitabu vizima juu ya mambo hayo manne. Mama Tone hakuandika kitabu, ila kila mwaka waandishi wa vitabu hivyo walikuja kumuuliza.

Jina la utani alilipata akiwa bado mgeni. Maelekezo yanasema dawa iingie tone kwa tone kwa muda wa saa nzima. Wengine wakishafungua koki ya bureti huenda kunywa chai. Yeye alivuta stuli, akaketi mbele ya bomba lile la kioo na kuanza kuhesabu. Mkuu wa wakati huo alipita mara tatu akimkuta palepale, midomo inachezacheza, akadhani binti wa watu anaomba dua. Alipoambiwa kuwa yuko tone la mia saba na kumi na mbili, alirudi ofisini kwake, na kesho yake akamwita kwa jina ambalo halijamtoka tena.

Subira hiyo haikuwa ushamba. Kuna mwaka tulitembelewa na mgeni rasmi mwenye nusu saa tu. Alikuwa ameahidiwa kuona maji meupe yakigeuka bluu, kisha kijani, na Mama Tone siku hiyo alikuwa ametumwa kwenda kusimamia vikombe vya chai, jambo ambalo waliomtuma walijutia hadi walipostaafu. Mmoja wa wataalamu wetu, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, aliifungua koki yote. Dawa iliingia kwa mkupuo mmoja, bika, yaani kile chombo cha kioo cha kupikia, ikapata joto, ikachemka, ikafoka, na sehemu kubwa ya majaribio yetu ya mwezi ule ikapanda darini. Mgeni aliondoka na tai yenye madoadoa. Doa la darini lipo hadi leo juu ya meza ya pili, tunaliita Mgeni Rasmi, na wanafunzi wapya hutambulishwa kwake siku ya kwanza. Mama Tone aliporudi na sinia lake alitazama juu, akatazama chini, akauliza jambo moja tu: "Kwani hamkumpa kiti?"

Nami nina langu, nalisema kabla hajalisema yeye. Mimi ni mpimaji wa chumba cha pili. Unga ukishakauka huja kwangu, naukandamiza uwe kidonge, naugusa kwa kifaa changu chenye sindano nne na kutoa namba inayosema umeme unapita vizuri kiasi gani. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa pia kazi ya kukausha. Palikuwa na mechi siku ile. Badala ya kuacha tanuri kwenye joto la chini hadi kesho yake, nililipandisha hadi nyuzi mia moja na sitini ili niwahi. Unga ulitoka mkavu kabisa, mzuri wa macho, na sindano zangu hazikuona kitu. Joto lilikuwa limefukuza asidi na unyevu, ambavyo ndivyo vinavyoupa unga huu uhai. Mama Tone alikishika kile kidonge kwa vidole viwili na kusema, "Umeukausha mpaka umesahau jina lake." Jumamosi nilikuja kazini kupika mwingine. Timu yangu ilishafungwa, kwa hiyo nilipoteza kotekote.

Tuna pia ndugu zetu wasafi kupita kiasi, ambao huosha unga kwa maji matupu hadi asidi yote inatoka na kijani kinageuka bluu. Hao aliwatengenezea chupa kubwa ya asidi nyepesi, akaiweka karibu na sinki na kusimama hapo kama askari wa zamu. Binti yake wa pili husema nyumbani kwao mama anaosha vyombo kwa maji, unga kwa asidi, na watoto kwa maneno.

Nyumbani huko yuko pia mume wake, fundi cherehani, ambaye makoti ya maabara yetu yote ameyashona yeye. Ndiye aliyegundua kuwa mikono ya koti ikitiwa mpira haitumbukii kwenye bika. Hata hivyo kidole gumba cha mkewe hakijawahi kusalimika. Kijana wao wa kwanza alipooa, gumba hilo la kijani lilitokea kwenye kila picha, na mkwe mmoja aliuliza kwa adabu zote iwapo uchaguzi umefanyika bila yeye kupata habari.

Lakini mwenye kutaka kumjua Mama Tone vizuri ashike daftari lake. Kila mkupuo wa unga, yaani kila upishi mmoja, una fomu yenye visanduku: uzito, joto, muda, barafu ndiyo au hapana. Alivijaza vyote kwa mwandiko wa shule, na hakuwa na huruma kwa aliyeacha kimoja wazi. Msemo wake tuliusikia hadi tukauota: kisichoandikwa hakikufanyika. Kisha, visanduku vikijaa, aliendelea pembeni mwa karatasi. Mvua imenyesha. Mlango umeachwa wazi na fulani. Povu limekuwa jingi. Maneno hayo ya pembeni hayakuingizwa kwenye kompyuta hata siku moja, kwa sababu mimi niliyekuwa nayaingiza niliyaona ni porojo.

Sasa nifike nilikoahidi.

Februari mwaka jana, mashine ya barafu ya sita ilikata roho asubuhi ya mkupuo wa mia mbili na kumi na sita. Bika ya kupikia huzama kwenye beseni la barafu, na bila barafu hakuna kazi. Mama Tone alichukua ndoo mbili, akavuka barabara hadi soko la samaki, akarudi na barafu, akaanza kazi saa mbili na nusu kama kawaida. Unga ule ulikuwa wa mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamivu, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa bibi yao kwa miaka minne ili asome. Tulimwita Dokta Mtarajiwa, na ndiye aliyeuosha, akaukausha na kuniletea. Nilipoupima, namba ilitoka mara nane ya kawaida yetu. Nilibadilisha sindano, nikapima tena. Nilitengeneza kidonge kingine, nikapima tena. Mara nane. Mkuu aliagiza soda kwa wote.

Dokta Mtarajiwa aliandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya mkupuo ule. Mashine ya barafu ikatengenezwa, kazi ikabaki kuurudia, maana katika fani yetu kilichotokea mara moja ni bahati, hakijawa elimu. Machi hakikurudi. Aprili hakikurudi. Mei alipika mara tisa, kwa nyuzi sifuri hadi tatu, tone kwa tone, na kila nilichopima kilikuwa unga wetu uleule wa siku zote. Akaanza kukonda. Watu wakaanza kunong'ona.

Nitasema nililolifanya mimi. Kwenye mkutano wa Julai, Mkuu alipouliza tuna maelezo gani, nilisimama na kusema kuwa mimi nilipima nilicholetewa, sikuona kilivyopikwa, na kwamba unga wowote ukichanganywa na masizi kidogo utapitisha umeme zaidi. Sikutaja mtu. Haikuhitajika. Dokta Mtarajiwa alikusanya karatasi zake taratibu na kutoka. Ikaamuliwa kuwa asiporudia matokeo yale hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, sura ile itaondolewa na uchunguzi wa udanganyifu utaanza. Kwa lugha nyepesi, miaka minne ya kuishi mbali na wanawe ingekwisha kwa kufukuzwa. Mama Tone alikuwepo kwenye mkutano huo, na aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau.

Jumamosi alikwenda kununua samaki. Kilichotokea huko nimekipata kwa mumewe, ambaye ndiye aliyebeba kikapu. Mama Tone aliingiza mkono kwenye sanduku la barafu kuchagua, akautoa upesi. Muuza samaki akacheka, akamwambia, "Pole mama, hiyo ina chumvi. Barafu tupu haina nguvu, ikifika mchana samaki wananuka. Ukiitia chumvi inauma." Mume alikuwa bado anapatana bei. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshafika barabarani, hana samaki, hana kikapu, anatembea kama mtu aliyeitwa. Siku hiyo walikula maharage.

Ninyi msio wa fani mniwie radhi kwa sentensi mbili. Barafu tupu inapoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, haishuki zaidi ya hapo. Barafu iliyotiwa chumvi hushuka chini ya sifuri, na kwenye baridi hiyo minyororo ya unga wetu hujiunga polepole, hunyooka na kurefuka, na umeme hupita kwa raha. Lakini daftari la mkupuo wa mia mbili na kumi na sita lilisema joto ni sifuri. Limeandikwa kwa mwandiko wa shule, na aliyeandika ni mwanamke ambaye hajawahi kuacha kisanduku wazi.

Kipimajoto chake kilikuwa cha kuanzia sifuri hadi mia. Asubuhi ile uzi mwekundu ulikuwa umezama chini ya alama ya mwisho, hauko kwenye namba yoyote. Fomu ilitaka namba. Akaandika sifuri.

Usiku wa Jumamosi na Jumapili nzima aliyabeba hayo peke yake, kisha akamwambia mumewe. Barua ya Cheti cha Utumishi Uliotukuka ilikuwa imeshamfikia tangu Juni. Mume alikuwa ameshamshonea vazi la kukipokelea. Masharti ya cheti yanajulikana: jalada lisiwe na doa. Na kanuni ya maabara inajulikana pia, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni: kuandika kipimo ambacho hukukisoma ni kosa la nidhamu. Alimwambia mumewe, "Nikisema, cheti kinakwenda. Nisiposema, mtoto wa watu anakwenda." Fundi cherehani alikuwa anakata uzi kwa meno, akamaliza kuukata. "Nguo nimeshashona," alisema. "Utaivaa hata kwenye harusi."

Jumatatu saa moja na nusu aligonga mlango wa Mkuu. Nilikuwa mle ndani nikitafuta saini, na hakutaka nitoke. Aliweka mezani daftari na kipimajoto alichokifunga kwa leso, akaeleza kila kitu akiwa amesimama: ndoo, chumvi, uzi mwekundu, sifuri. Mkuu alimuuliza kama ana hakika, au anamhurumia tu mwanafunzi. Hapo alifungua daftari na kuweka kidole chake cha kijani pembeni mwa karatasi. Pameandikwa: "Kijani kimechelewa mno leo. Kimekuja baada ya chai ya saa nne." Mikupuo yetu mingine yote hugeuka ndani ya robo saa. Ule ulichukua karibu saa mbili, jinsi unavyotakiwa kuchukua kwenye baridi kali, na ushahidi huo ulikuwa umekaa pale miezi mitano. Ni mimi niliyeuruka nikiuona porojo. Sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama asubuhi ile.

Jumatano tulirudia. Ndoo zilezile zilikwenda soko lilelile, kwa muuzaji yuleyule, ambaye alipoona watu wanne wenye makoti meupe wakimuomba barafu ya chumvi alidhani ni maafisa wa afya na akaanza kujitetea. Tuliazima kipimajoto cha idara ya jirani chenye namba chini ya sifuri. Kilisoma nyuzi sita chini. Dokta Mtarajiwa hakuruhusiwa kugusa chochote. Alisimama ukutani, mikono nyuma. Mkuu alipima uzito kwa mkono wake, na Mama Tone aliketi kwenye stuli na kuanza kuhesabu.

Saa tatu, maji meupe. Saa tatu na nusu, maji meupe. Nimefanya kazi na kemia miaka kumi na tisa na sijawahi kuona watu wazima wakiikodolea bika macho namna ile. Saa nne ilipita, chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa. Saa nne na dakika kumi na mbili bluu hafifu ilitokea katikati, ikatanda, ikakolea, kisha kijani kikaja, kizito, chenye mng'ao wa shaba juu yake. Kutoka ukutani tulisikia mtu akilia kwa sauti ndogo. Mama Tone hakugeuka, kwa sababu kipimajoto kilikuwa bado kinahitaji macho. Alisema tu, "Subiri mwanangu, usilie juu ya kazi. Bado kuosha na kukausha."

Ulioshwa kwa asidi nyepesi, ukakaushwa kwa joto la chini hadi Ijumaa. Mchana wa Ijumaa niliupima mbele ya wote. Namba ilitoka mara saba na nusu. Nilitoka chumbani mwangu, nikamwendea Dokta Mtarajiwa, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale waliokuwa mkutanoni. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. "Siku nyingine, kaka, uliza kwanza," alisema. Tangu siku hiyo nauliza kwanza.

Kamati ya nidhamu ilikaa Agosti na kutoa barua ya onyo, kwa sababu kanuni ni kanuni na yeye mwenyewe alikataa kuipinga. Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya cheti. Mwaka uliofuata, yaani huu, haukuwa wa kununa. Alichora upya fomu ya maabara: sasa ina nafasi ya kusema barafu imetoka wapi, kisanduku cha joto kina neno "chini ya kipimo", na maneno ya pembeni huingizwa kwenye kompyuta yote, herufi kwa herufi, na mimi. Ameacha mafundi ishirini na mmoja aliowafundisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuungua mkono akiwa zamu yake.

Aprili, Dokta Mtarajiwa alitetea tasnifu yake. Mtahini mmoja alimuuliza anaaminije kuwa mkupuo wa kwanza ulikuwa chini ya sifuri wakati daftari linasema vingine. Mwanafunzi wetu aliomba ruhusa fundi ajibu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwenye ukumbi ule. Mama Tone alisimama safu ya nyuma, amevaa lile vazi jipya. Alisema, "Ni kosa langu. Sikukisoma kile nilichokiandika." Kisha akaeleza habari ya chumvi na ya rangi kuchelewa, kwa dakika nne, bila karatasi. Watahini waliandika mengi kuliko walivyokuwa wameandika asubuhi nzima. Neno Mtarajiwa tuliliondoa kwenye jina la mwenzetu saa nane mchana, siku ileile.

Wiki tatu zilizopita Mkuu alijaribu mara ya mwisho. Alikuwa amezunguka ofisi kadhaa na kupata njia: onyo linaweza kufutwa, na cheti kikatolewa leo hii, ikiwa Mama Tone atajaza fomu fupi inayosema kuwa chanzo cha kosa lile kilikuwa hitilafu ya kifaa. Ni mstari mmoja. Mkuu alishauandika kwa penseli ili yeye aupitishie wino tu. Sote tulikuwa mlangoni, na sitaficha, tulimsihi. Nilimsihi kuliko wote. Nilimwambia ameshalipa, mtoto wa watu ameshapata shahada yake, nani atadhurika?

Alifuta ile penseli kwa raba, polepole, hadi karatasi ikawa safi. "Kipimajoto kile ni kizima," alisema. "Kimetengenezwa kianzie sifuri, kikaanzia sifuri. Nikiandika kibovu, watakaolisoma daftari baada yetu watahangaika na kipimajoto, na hawataijua chumvi." Akairudisha fomu kwa Mkuu, akavaa glavu zake na kuuliza nani ameacha mlango wazi.

Kwa hiyo leo hakuna cheti, na sasa mnajua. Barua ya onyo imo kwenye jalada, na daftari lina sifuri iliyokatwa kwa mstari mmoja, na kando yake, kwa mwandiko wa shule: nyuzi sita chini, tazama mkupuo wa mia mbili na thelathini. Yeyote atakayelishika, hata miaka hamsini ijayo, ataweza kuupika unga ule na ukatoka sawasawa.

Mama Tone, kwa niaba ya Mkuu, Dokta, mafundi wote na mpimaji wa chumba cha pili, asante. Asante pia kwa baba watoto kwa makoti, na kwa kutuazima mkewe siku nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye mkataba. Tunakuombea afya njema, macho mazima, wajukuu wasikivu na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Tunakupenda, na tutafanya kama ulivyotufundisha.